Klabu yetu haipati faida yoyote, kwa nini kaunsili inatudai reti?

"Habari kaka. Mimi ni katibu wa klabu ya mpira hapa Midlands, Uingereza, wengi wetu ni Watanzania na Wakenya. Miaka yote tulikuwa tunakodi uwanja wa shule kwa saa, mwaka jana tukachukua kiwanja chetu kwa mkataba wa pango wa miaka kumi, kina kibanda cha kubadilishia nguo na jiko dogo. Sasa kaunsili wameleta bili ya business rates, hii kodi ya majengo na ardhi, ya 2025/26, pauni 4,590.80, na imeandikwa jina langu na la mweka hazina wetu. Hatuuzi kitu, wote tunajitolea. Mjomba wangu aliwahi kuwa kwenye kamati ya klabu Kenya, anasema viwanja vya michezo havilipishwi reti. Mwenzetu mwingine anasema tujisajili haraka CASC, ule usajili wa kodi wa klabu za michezo za ridhaa, na bili itafutwa. Rateable value wameandika 9,200. Tufanyeje? Na wanaweza kweli kuja kuchukua vitu nyumbani kwangu?"

Dada yangu, pole na hiyo bahasha, najua inavyoshtua kuona elfu nne na nusu na jina lako juu yake wakati wewe umeingia humo kwa kupenda mpira tu. Nianze na lile unalotaka kusikia: kwa hizo namba ulizonipa kuna uwezekano mkubwa sana hamtakiwi kulipa hata peni. Ila mlango wa kupitia ni tofauti na ule mwenzenu anaowasukumia, na mkipita wa kwake kabla ya huu ninaotaka kukuonyesha mtajikuta mnalipa hela ambayo hamkuwa na haja ya kulipa. Kwa hiyo fomu ya CASC naomba muiweke pembeni kwanza, msiitume wiki hii.

Kwanza kwa nini mmeletewa. Hilo jina la business rates linawachanganya watu kila siku, manake ukisikia biashara unajua inahusu duka na baa. Sheria yenyewe, ya mwaka 1988, inaongelea tu mali ambayo si nyumba ya kuishi. Ukikalia jengo au ardhi ambayo si makazi, unadaiwa, uwe unauza au huuzi. Wanachoangalia ni vitu vinne: unaitumia kweli, unaitumia wewe peke yako bila mwingine kuwa na sauti juu ya matumizi hayo, ina manufaa kwako, na si ya kupita tu kwa siku mbili tatu. Hayo manufaa si lazima yawe hela. Kufanya mazoezi Jumanne na kucheza Jumapili ni manufaa tosha. Ndo maana mlipokuwa mnakodi uwanja wa shule kwa saa hamkuwahi kuona bili, mwenye kukalia alikuwa shule, nyinyi mlikuwa wageni wenye begi la mipira. Siku mliyosaini pango na kukabidhiwa funguo za geti, wakaliaji mkawa nyinyi.

Na mjomba hajakudanganya, usimlaumu. Sheria ya zamani ya Kenya ya uthamini wa ardhi kwa ajili ya reti, ile Sura ya 266, ilikuwa inataja waziwazi ardhi inayotumika kwa michezo ya nje peke yake kwamba haithaminiwi kwa reti, ikiwa kwenye orodha moja na makaburi, sehemu za ibada, hospitali na mashule. Hata hiyo ilikuwa na sharti, ardhi ikitumika kutafuta faida msamaha haupo, na sheria hiyo imeshapisha nyingine ya mwaka 2024. Sasa England hamna kitu kama hicho. Orodha yao ya vitu vilivyosamehewa kabisa ina mashamba, ina sehemu za ibada ya umma, ina bustani za umma za kaunsili ambazo yeyote anaingia bure muda wowote. Kiwanja cha klabu hakimo. Yaani ukisimama kwenye goli lenu ukaangalia ng'ambo ya pili, kama kuna ng'ombe wanakula majani kule hakuna reti, na huku mnakocheza mpira kwenye majani yale yale kuna reti. Kwa England michezo inapata punguzo, na punguzo karibu lote lazima liombwe. Kaunsili haina namna ya kujua nyinyi ni nani mpaka mjieleze, kompyuta yao inaona mali mpya yenye mkaliaji mpya inatoa bili kamili.

Tuje kwenye hiyo 9,200, hapa ndo penye kila kitu. Rateable value ni makadirio ya ofisi ya uthamini ya serikali, VOA, kwamba mali hiyo ingepangishwa sokoni ingeleta pango la shilingi ngapi kwa mwaka, tuseme pauni ngapi, kwa tarehe fulani waliyoichagua. Orodha ya 2023 ilitumia bei za tarehe 1 Aprili 2021, na orodha mpya inayoanza tarehe 1 Aprili 2026 inatumia bei za tarehe 1 Aprili 2024. Si pango mnalolipa nyinyi. Mnaweza kuwa mnamlipa mwenye ardhi pauni mia mbili kwa mwaka kwa sababu anawapenda na bado ikaandikwa 9,200. Kisha kaunsili inazidisha namba hiyo kwa kipimo cha serikali, ambacho kwa mali ndogo mwaka 2025/26 kilikuwa peni 49.9 kwa kila pauni. Chukua kikokotoo, 9,200 mara 0.499, unapata 4,590.80. Ndo bili yako ile ile mpaka peni ya mwisho, maana yake hawajakupa punguzo lolote, hata moja.

Sasa kuna punguzo linaitwa Small Business Rate Relief, nalitaja kwa jina lake kwa sababu ndo hivyo mtalikuta kwenye fomu. Usitishwe tena na neno biashara, klabu isiyo ya faida inalipata pia mradi ndiyo iliyokalia mali. Kama rateable value ni pauni 12,000 au chini, na hiyo ndo mali pekee mnayoikalia, mnasamehewa asilimia 100. Kati ya 12,001 na 15,000 punguzo linashuka kidogo kidogo mpaka linaisha, kwa mfano kwenye 13,500 linakuwa nusu. Nyinyi mko 9,200. Kama hamna stoo nyingine iliyoandikishwa kwa jina la klabu mahali pengine basi mnaingia moja kwa moja, na hata mkiwa nayo bado inawezekana kama thamani ya hiyo nyingine haizidi 2,899 na jumla ya zote iko chini ya 20,000, London ni 28,000. Ule uwanja wa shule mliokuwa mnakodi hauhesabiki, mlikuwa mnakodi kwa saa.

Na hapa ndo mtego wenyewe. CASC, yaani Community Amateur Sports Club, ni usajili wa kodi unaofanywa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, tangu mwaka 2002, na klabu ikishasajiliwa kaunsili inalazimika kisheria kuipa punguzo la asilimia 80. Inasikika vizuri sana na kwa klabu kubwa ni vizuri kweli. Lakini punguzo hilo la lazima likishawashika, lile la mali ndogo mnalikosa, hamuwezi kuchagua lenye faida zaidi. Kwa hesabu yenu asilimia 80 inafuta pauni 3,672.64, mnabaki na 918.16 za kulipa kila mwaka. Hizo 918 kaunsili inaweza kuzifuta ikipenda lakini hailazimiki. Bila CASC mnalipa sifuri. Yaani mtakuwa mmejaza fomu kurasa kwa kurasa, mmebadilisha katiba, mmeita mkutano mkuu, ili muanze kulipa karibu pauni elfu kwa mwaka! Nimekaa na makatibu wa klabu waliogundua hili baada ya barua ya usajili kufika, na inaumiza, kwa sababu walifanya kazi kwa nia njema na kwa bidii. Na klabu ikiwa charity, yaani shirika la hisani, mambo ni hayo hayo, 80 ya lazima inatangulia.

Hesabu inageuka pale thamani inapopanda. Ukipiga vizuri, kwenye 12,600 punguzo la mali ndogo nalo linakuwa asilimia 80, hapo wanalingana, na kuanzia hapo kwenda juu CASC inashinda, ukivuka 15,000 inashinda kwa mbali. Kwa hiyo mtazame thamani yenu mpya kwenye orodha ya Aprili 2026, iko kwenye websaiti ya serikali bure, unaandika postikodi tu. Na vipimo vya peni navyo vinabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hiyo 49.9 yangu msiipeleke kwenye bili ya mwaka mwingine.

Sitaki uone naipiga vita CASC, ina mazuri yake mengine nje ya reti. Mtu akiwachangia na analipa kodi Uingereza, klabu inadai Gift Aid kutoka HMRC, peni 25 juu ya kila pauni, ingawa ada ya uanachama haihesabiki kama mchango. Faida ya biashara haitozwi kodi ya makampuni kama mauzo hayazidi pauni 50,000 kwa mwaka, na pango mnalopokea halitozwi kama halizidi 30,000. Kama mna mpango wa kukusanya michango mikubwa mjenge ukumbi, Gift Aid inaweza kuzidi hizo 918 na ikawa na maana kabisa. Ila kutoka CASC si kama kutoka kwenye grupu la WhatsApp, huombi tu ukaachiwa, na klabu ikiondolewa mali zake zinahesabiwa kama zimeuzwa kwa bei ya soko siku hiyo, mnaweza kudaiwa kodi juu ya kitu ambacho hamjakiuza.

Alafu kuna jambo nataka niliseme kwa upole, kwa sababu klabu zetu nazijua, nimelelewa nazo huku ugenini. Klabu zetu si mpira tu. Mtu akifiwa, mchango unapita kwenye akaunti ya klabu. Mtoto wa mwanachama akioa, hivyo hivyo. Jumamosi ya nyama choma wanakuja mia na wachezaji wako ishirini na mbili. Ni jambo zuri, ndo linalotuweka hai huku, mimi mwenyewe nilipofiwa na baba ni klabu iliyonikatia tiketi. Lakini kwa HMRC klabu ya CASC lazima shughuli yake kuu iwe michezo, angalau nusu ya wanachama wawe wanashiriki michezo yenyewe, na hela ya klabu irudi kwenye klabu, isigawiwe wanachama. Rambirambi ya pauni mia tano kutoka akaunti ya klabu kwenda kwa mwanachama, kwao ni hela ya klabu imetoka ikaenda mfukoni kwa mtu. Na kaunsili ikiangalia hesabu zenu kwa ajili ya punguzo la hiari, ambalo nalieleza sasa hivi, itauliza swali hilo hilo. Dawa yake ni rahisi na naomba mfanye hata kama hamtagusa CASC maisha yenu yote: fungueni mfuko wa kusaidiana wenye akaunti yake, daftari lake na mweka hazina wake. Mambo ya misiba na harusi yapite huko. Akaunti ya klabu ibaki na ada, mipira, refa, nyasi na bili za umeme.

Na katiba. Sijaiona yenu ila nimeona nyingi zenye mstari wa "uanachama ni kwa Watanzania na marafiki zao" au "kwa jamii ya Afrika Mashariki". Unajua kilichowafanya waandike, ilikuwa klabu ya watu kukutana waongee lugha yao. Kwa CASC mstari huo unawaangusha papo hapo, klabu lazima iwe wazi kwa jamii nzima bila kubagua kwa taifa, rangi, dini wala jinsia, na ada isiwe ya kuwazuia watu, ikizidi pauni 520 kwa mwaka lazima muonyeshe njia ya wasio na uwezo kushiriki bila kuvuka kiasi hicho, na juu kabisa ni 1,612. Andikeni kwamba yeyote anakaribishwa, na lengo ni kukuza mpira wa miguu eneo lenu. Kiswahili kitaendelea kuongelewa uwanjani vile vile.

Hilo punguzo la hiari sasa. Kaunsili ina mamlaka ya kuipa klabu ya michezo isiyo ya faida punguzo mpaka asilimia 100 hata kama haijasajiliwa popote, na CASC inaweza kuongezewa ile 20 iliyobaki. Kwa nyinyi ni akiba tu, kama punguzo la mali ndogo litakwama kwa sababu ambayo sijaiona. Kila kaunsili ina sera yake, na wako wagumu kwa sababu sehemu ya hela hiyo inatoka mfukoni mwao. Wanapenda kuona wachezaji wanaoishi eneo hilo, watoto, wanawake, watu wenye ulemavu, mafunzo ya makocha, kujiunga na chama cha mpira cha kaunti, na uwanja kuachiwa shule au vikundi vingine mara kwa mara. Klabu ambayo baa yake ndo kubwa kuliko kiwanja inakataliwa. Na wakiwapa soma barua vizuri, wengi wanatoa kwa mwaka mmoja mmoja, kwa sababu wakitoa bila kikomo sheria inawadai wawape notisi ya angalau mwaka kabla ya kuondoa. Kwa hiyo weka alamu ya kuomba tena.

Sasa lile linalokukosesha usingizi, jina lako. Klabu isiyosajiliwa kama kampuni haina nafsi yake kisheria, kwa hiyo kaunsili wanaandika majina waliyoyakuta, mara nyingi ni yale yaliyosaini pango. Na jibu la kweli ni ndiyo, bili ikiwa kwa majina yenu mnaweza kufuatwa nyinyi wenyewe, sitakuficha. Ila njia ni ndefu: inakuja barua ya kukumbusha, kisha wito wa mahakama ya mahakimu, kisha amri ya deni, ndipo mawakala wa kukusanya madeni. Mtu anayepiga simu mapema na kuomba punguzo hafiki huko. Wanaofika ni wale waliotupa bahasha kwenye droo wakisema hii si yetu. Kwa hiyo piga wiki hii, namba iko juu ya bili kulia au nyuma, waambie mnaomba Small Business Rate Relief kuanzia siku ya kwanza ya pango, taja namba ya akaunti, omba wasitishe hatua za kudai wakati wanaangalia, na uliza kama awamu ya mwezi huu mlipe au msubiri. Waombe wakujibu kwa imeili. Wasiposema wazi kwamba msubiri, lipeni awamu, itarudishwa au itabebwa mbele punguzo likipita. Ambatanisha nakala ya pango, katiba na karatasi moja inayosema klabu haina mali nyingine.

Kama mlishalipa chochote, waombe warudishe. Na angalieni walichoandika VOA kuhusu kiwanja, nimewahi kuona kibanda cha bati kinachovuja kimehesabiwa kama klabuhausi yenye ukumbi. Mkiona kosa mnafungua akaunti yao na kuanza hatua ya kwanza inayoitwa Check, ni bure. Siku si nyingi mtaanza kupigiwa simu na makampuni yanayojifanya yanaweza kuwapunguzia reti kwa asilimia fulani ya mtakachookoa. Msisaini. Mnachohitaji ni fomu ya kurasa mbili ambayo unajaza mwenyewe jikoni ukiwa na kikombe cha chai.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Ikiwa wito wa mahakama umeshafika, usiongee na mimi, nenda Citizens Advice, wale wanaotoa ushauri bure, au kwa wakili siku hiyo hiyo, na siku ya kesi ufike. Ikiwa sehemu ya kibanda mmempangisha mtu, hata mama anayepika chakula cha kuuza, mwonyesheni mhasibu mkataba kabla hamjajaza fomu, kwa sababu sehemu hiyo inaweza kutengwa ikawa na bili yake. Na pango la miaka kumi lenye saini zenu wawili limewabebesha mengi zaidi ya reti, kuna pango lenyewe, bima, matengenezo ya uzio. Nendeni kwa wakili anayejua vyama vya kijamii muulize kuhusu kuigeuza klabu kuwa kampuni yenye dhamana yenye kikomo, na mwenye ardhi akikubali mkataba uhamie huko. Chama cha mpira cha kaunti yenu mara nyingi kina mtu wa kuwaelekeza pa kuanzia, mpigie baada ya kumaliza na kaunsili. Ukiwa Wales, Scotland au Ireland Kaskazini na unasoma hili, taratibu na viwango vyenu ni vingine, usichukue hizi namba.

Dada, ukipata jibu la kaunsili nitumie walichoandika, hasa kama watakataa, nataka kuona sababu yao kwa maneno yao wenyewe.